Hilux ya barafu: heda inavuja kwa mara ya tatu, safari hii natafuta chanzo

Ijumaa jioni, Makorora, Tanga

Naanza kuandika leo kwasababu hii ni mara ya tatu nafungua heda ya hii gari ndani ya miezi kumi, na safari hii sifungi mpaka nijue kwanini gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya heda na injini, inaungua. Gari ni Toyota Hilux ya 1989, injini 22R ya kabureta, sisi 2366, kazi yake kubeba barafu na samaki kutoka Deep Sea, pale samaki wanaposhushwa, kwenda Muheza na kurudi na machungwa msimu ukiwepo. Nilipoinunua ilikuwa haina tena manifodi yake ya kiwandani, ile ya chuma cha kumimina, nikaambiwa ilipasuka ikawekwa heda, yaani yale mabomba manne ya chuma, kila tundu na bomba lake, yanaenda kukutana chini.

Dalili ni zile zile. Asubuhi ukiwasha injini ikiwa baridi inagonga tik tik tik kama cherehani, ukikanyaga mafuta na sauti inakimbia, alafu ikishika moto dakika kumi hivi inapungua mpaka unadhani imepona. Haijapona, chuma kimetanuka tu kikaziba upenyo. Nilishawahi kusikia mtu akisema hiyo ni valvu, sasa ukitaka kutofautisha chukua mpira wa maji kama mita moja, upande mmoja weka sikioni na mwingine upitishe taratibu karibu na kila tundu la eksozi bila kugusa feni. Kwangu pale tundu la 3 na la 4, nyuma karibu na ukuta wa kabini, inakupiga sikioni puf puf puf. Na masizi meusi yamejichora kwenye hedi, yaani kichwa cha injini pale heda inapofungwa, kuanzia hapo kwenda juu.

Ningeweza kuvumilia kelele. Kilichonifanya nisimamishe gari ni mwanangu, yupo darasa la pili, wiki iliyopita nimempeleka shule siku mbili mfululizo akashuka analalamika kichwa kinauma, na mimi mwenyewe nikirudi Muheza na vioo nimefunga sababu ya mvua nakuwa mzito kama sijalala. Nikaangalia chini, ule mpira wa kwenye gia umechanika, yaani kinachotoka kwenye heda pale nyuma ya injini kinaingia moja kwa moja kabini. Moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inashikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana nayo. Harufu unayosikia ni ya vitu vingine, yenyewe huisikii. Kwahiyo mwenye gari inayogonga hivi anaebeba watoto, tembea vioo wazi leo hii hii alafu ndo upange hela ya fundi.

Barafu nimemuomba jirani anibebee kwa Kirikuu yake, ile pikapu ndogo, mpaka nimalize.

Jumamosi

Mtoto wa kaka yangu amekuja kusaidia, yupo likizo, anataka kujifunza ufundi. Kabla ya kufungua chochote nilitaka tuone kwa macho, maana mara mbili zilizopita ilifunguliwa kwa kukisia. Tukachukua bloa ndogo ya kupulizia vumbi kwenye kompyuta, tumeazima kwa fundi simu, tukaifunga kwa matambara kwenye mdomo wa eksozi nyuma, injini imezimwa na ya baridi, alafu tukachanganya sabuni ya unga na maji kwenye chupa ya kupulizia tukanyunyiza kwenye kila ungio. Kijana akaita, "Ami, njoo uone, inachemka!" Kweli, tundu la 3 na la 4 povu linapanda kama uji, tundu la 2 vipovu vidogo, la 1 kimya. Na pale chini mabomba yanapokutana na bomba refu nako povu, hiyo sikuitegemea kabisa.

Kufungua ndo shughuli ilipo. Gari inayobeba samaki mjini kwetu hapa unaijua hali yake, maji ya chumvi yanadondoka kwenye bodi, upepo wa bahari usiku kucha, nati zote za heda zimekuwa donge moja la kutu. Juzi usiku nilikuwa nimeshazipaka dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, jana nikarudia, leo nikawasha injini dakika tano ipate moto nikazima, nikagusisha mshumaa kwenye kila stadi, yaani zile bolti zisizo na kichwa zilizozama kwenye hedi, nta inayeyuka inajivuta yenyewe ndani ya nyuzi. Alafu spana ya 14 unakaza kidogo kwanza, kidogo tu, ukisikia imelia ndo unalegeza, robo mbele robo nyuma. Hii ya kukaza kwanza nilifundishwa na mzee mmoja wa lezi, ile mashine ya kuchongea chuma, hapo Ngamiani zamani na imeniokoa mara nyingi.

Zote zikatoka isipokuwa mbili za nyuma kabisa. Moja ilikatika ikabaki kama milimita 4 nje. Ya pili ikakatika sawa na uso wa hedi.

Gasketi ilipotoka nikaelewa kwanini mara ya pili haikukaa hata miezi mitatu. Fundi aliyefanya alipachika gasketi mbili juu ya nyingine alafu katikati akamwaga silikoni nyekundu. Silikoni hiyo hata yenye maandishi ya joto kali inaishia karibu nyuzi joto 340, na moshi unaotoka pale mlangoni injini ikiwa na mzigo unapita nyuzi 700. Imeungua imekuwa unga, ikaacha nafasi, gasketi zikalegea, zikaungua na zenyewe. Simlaumu sana, nilimharakisha mwenyewe samaki wakiwa kwenye gari.

Jumapili

Stadi ile iliyobaki na kipande nje imetoka vizuri. Tulichukua nati kubwa kidogo, tukaipachika juu ya kile kipande, kaka mmoja mwenye mashine ya kuchomelea akajaza weldi ndani ya nati mpaka ikashikana na stadi. Uzuri wa hedi ya 22R ni aluminiamu, weldi ya chuma haishiki aluminiamu kwahiyo inakamata stadi tu, na ule moto wenyewe unavunja kutu. Ukaacha ipoe mpaka wekundu uishe, bado ya moto, ukaweka spana, ikatoka kama haijawahi kuganda. Kijana alifurahi mpaka akaiweka mfukoni.

Ile ya pili sasa. Iko sawa na uso, weldi ikawa haina pa kushika, tumejaribu mara tatu. Tukapiga senta panchi tukaanza kutoboa na biti ndogo ya 4, alafu 6, na hapo nilifanya kosa, ule ukuta wa kabini unazuia drili isikae sawa, biti ikateleza ikala upande wa aluminiamu. Aluminiamu ni laini kuliko stadi, biti ikipata nafasi inakimbilia huko. Nyuzi zimeharibika upande mmoja. Niliacha hapo hapo, nikafunika na tambara nikanawa mikono. Usiku sikulala vizuri.

Jumatatu, Ngamiani

Nimepeleka heda kwa mzee wa lezi. Shikamoo, marahaba, akaigeuza geuza kwanza bila kusema kitu, akachukua rula yake ya chuma akaisimamisha kwenye uso wa flanji, kile kipande bapa cha heda kinachogusa hedi, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. Mwanga unapita. Akaingiza fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo, katikati imegusa, upande wa tundu la 1 imeingia ya milimita 0.25, upande wa tundu la 4 ikaingia 0.8. Akaniambia, "Mwanangu, hapa hata ungeweka gasketi ya dhahabu ingeungua."

Hiki ndo nataka mtu aliesoma mpaka hapa akishike, maana mimi nimenunua gasketi tatu kabla ya kukiona. Gasketi yenyewe ina unene wa milimita moja na nusu hivi na inabonyea kidogo sana, haiwezi kujaza 0.8. Sisi tunakimbilia kubadilisha kile kilichoungua kwasababu ndo kinachoonekana kimeungua, kumbe kimeungua sababu uso wa chuma haugusi, moto unapita kwenye upenyo kama tochi ya gesi na karatasi iliyopo katikati haina kosa lolote.

Nikamuuliza imepindaje wakati ni chuma. Akanieleza na nikaenda nyumbani nikapiga hesabu kwenye simu nikaona yuko sahihi. Flanji yangu ina urefu kama sentimita 40 na unene wa milimita 8, ni kipande kimoja kinachoshika mabomba yote manne. Injini ikifanya kazi hedi imepozwa na maji, iko karibu nyuzi 100, lakini flanji inapanda mia tatu na kitu. Chuma kinatanuka kama milimita 0.012 kwa kila mita moja kwa kila nyuzi moja, aluminiamu karibu mara mbili ya hiyo, ila hedi yenyewe haipati moto sana. Ukizidisha unakuta flanji inataka kurefuka karibu milimita moja kupita hedi, na matundu ya bolti yamebana stadi hayaipi pa kwenda, kwahiyo inajikunja kama ubao uliolowa. Ikipoa hairudi yote. Kesho tena, keshokutwa tena. Na hapo bado hujaweka kwamba siku ilipochomelewa kiwandani au gereji ilishavutwa na weldi.

Tukakubaliana afanye vitatu. Kwanza askimu uso, yaani aunyooshe kwa mashine, mpaka uwe sawa. Pili akate flanji katikati ya kila tundu na tundu, kipande kama milimita 3 kwa msumeno, kila bomba liwe na flanji yake litanuke lenyewe bila kumvuta jirani. Nilisita hapo, nikaona kama tunaidhoofisha, akanionyesha hedi moja mbovu ya 22R anayo pale chini ya meza miaka yote, anasema tutafunga heda kwenye hiyo hedi kwanza, ikazwe, ndo ikatwe na kurekebishwa ikiwa imefungwa ili isikimbie. Tatu matundu ya mwisho pande zote ayapanue kwa tupa ya mviringo yawe na urefu kidogo kwenda pembeni.

Na ile stadi iliyoniharibikia akasema nilete gari yenyewe. Mashine haiwezi kwenda kwa hedi bila kufungua hedi yote na hiyo sitaki.

Jumanne na Jumatano

Gari imevutwa kwa kamba mpaka Ngamiani, tumesukuma kona ya mwisho. Mzee amekuja na kipande cha chuma chenye tundu katikati, amekichonga asubuhi, kinafungwa kwenye stadi ya jirani kwa nati, ile tundu inakuwa muongozo wa biti ili isiteleze. Kitu rahisi kabisa. Ningekitengeneza Jumapili ningelala usingizi wangu. Akatoboa taratibu mpaka 12.5, akipaka mafuta ya taa kwenye biti sababu aluminiamu inaganda kwenye meno, akapiga tapu ya milimita 14 kukata nyuzi, alafu akaingiza bushi ya chuma aliyochonga, nje nyuzi za 14 ndani nyuzi za 10 za stadi. Akaipiga panchi tatu pembeni isizunguke. Nimeigusa kwa kidole uso wa hedi, husikii mahali bushi inapoanzia.

Tundu la hedi tuliziba na tambara lenye grisi wakati wote, vumbi la chuma likiingia kwenye silinda ya 4 ni balaa jingine.

Uso wa hedi nao tumeupima, uko sawa, 0.05 hata haiingii. Tumeusafisha kwa wembe na msasa namba 400 uliobandikwa kwenye kipande cha kioo, mkono mwepesi.

Alhamisi

Mzigo wa spea kutoka Dar umefika stendi ya Kange na basi la usiku, nimeufuata na bodaboda. Gasketi ya grafaiti yenye bati la chuma katikati, stadi mpya, na nati za shaba. Nati za shaba haziungani na stadi ya chuma kwa kutu, siku ya kufungua zitafunguka, kwa sisi tunaokaa pembeni ya bahari naona hazina mjadala. Washa za springi nimezitupa zote, zikipata moto mkali zinapoteza nguvu ya springi zinabaki bati tu lililolegea, nimeweka washa nene bapa ili flanji iteleze chini yake. Mpaka hapa gasketi 45,000, mzee wa lezi 65,000 kwa heda na bushi, stadi na nati 35,000, jumla 145,000. Zile gasketi tatu za zamani na ufundi wake zilishapita hapo.

Heda imerudi, nimeiweka juu ya kioo cha meza nikaingiza fila geji ya 0.05 kila upande haiingii. Nimeikagua mara nne.

Ijumaa

Tumefunga baada ya swala. Stadi zote zimepakwa ile grisi ya shaba kidogo upande wa nati. Gasketi kavu, hakuna silikoni hata tone. Torki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, nimeazima, 22R inataka kama Nm 44 hapo, tukaenda kwa hatua, 15 zote, 30 zote, alafu 44, tukianzia katikati kwenda nje kama unavyokunjua mkeka. Kijana ndo alikaza, mimi nashika tochi.

Sasa ile povu ya chini niliyoiona Jumamosi ya kwanza nilikuwa sijaisahau. Tulipoileta heda kwenye bomba refu, matundu hayakutani, bomba liko chini kwa kidole kizima na limeenda pembeni. Zamani tulikuwa tunavuta kwa bolti mpaka yakutane! Yaani siku zote hizo uzito wa bomba lote mpaka sailensa ulikuwa unaning'inia kwenye flanji ya heda, na kila barabara mbovu inaivuta chini, na hasa tundu la 4 maana ndo la mwisho. Nikaingia chini. Kwenye giaboksi kuna matundu mawili ya bolti yako wazi yana nyuzi safi, hapo palitakiwa kuwe na braketi ya kushika bomba na haipo. Na maunting, yaani kile kishikio cha injini chenye raba, ya upande mmoja raba imekatika, ukimwambia mtu awashe na kukanyaga unaona injini inanyanyuka na kuvuta heda nayo.

Kijana akaniuliza, "Ami, kwahiyo tungefunga vilevile ingeungua tena?" Ndio, ingeungua tena. Ingechukua muda kidogo zaidi.

Nimefungua bolti za chini. Hatuwashi leo.

Jumamosi

Maunting mpya imepatikana hapa hapa mjini. Braketi tumeitengeneza kwa bati la milimita 5, inatoka kwenye yale matundu ya giaboksi inakumbatia bomba kwa klampu. Bomba refu limekatwa na kuchomelewa upya likiwa limekaa mahali pake lenyewe, matundu yanakutana kwa vidole bila kuvuta. Bolti za ungio la chini nimeweka zenye springi ndefu ili liweze kucheza kidogo.

Mtihani wa povu: tundu la 1 kimya, la 2 kimya, la 3 kimya, la 4 kimya. Chini vipovu viwili vitatu, nikakaza robo, kimya.

Nimewasha saa kumi na moja jioni. Injini ya baridi, ile saa mbaya kabisa. Hakuna cherehani. Nilimwambia kijana azime awashe tena maana sikuamini masikio yangu, nikaweka na ule mpira sikioni, nasikia feni na mnyororo wa taimingi basi. Tukaiacha ikaunguruma dakika ishirini mpaka heda ikaacha kufuka ile grisi, tukazima.

Jumapili asubuhi

Ikiwa baridi kabisa nimepita nati zote na torki renchi. Karibu zote zimechukua kidogo, za katikati zaidi, hii ni kawaida gasketi ikipata moto wa kwanza inakaa. Usikaze ikiwa ya moto, aluminiamu ya moto inaachia nyuzi.

Mpira wa gia nimebadilisha pia, na tundu mbili za nyaya kwenye ukuta wa kabini nimeziba kwa raba.

Wiki mbili baadae

Kilomita 610, safari saba za Muheza na mzigo, mbili kati ya hizo na mvua. Nimekaza mara ya pili kwenye 200, nati tatu zikasogea kidogo sana. Leo asubuhi mara ya tatu, moja tu ya nyuma ilisogea upana wa unyuzi, zingine zimegonga 44 hapo hapo. Ile yenye bushi haijasogea tangu siku ya kwanza. Povu nimerudia, hakuna. Masizi kwenye hedi hakuna, niliisafisha ikang'aa makusudi ili nione.

Mtoto nimempeleka shule wiki nzima, nikimuuliza kichwa ananishangaa kwanini namuuliza kila siku.

Jirani nimemrudishia Kirikuu yake na tenki limejaa. Kesho saa kumi alfajiri nipo Deep Sea, barafu vipande arobaini.